Khofu ya Mji na Amani ya Mji

Katika darasa yetu ya baada ya Maghribi ndugu mmoja aliuliza swali ambalo kwa dhahiri yake ni jepesi. Jamaa zake walioko Maskati wamemwandikia kuwa wataka kuja Mombasa pamoja na watoto wao, nao wauliza: Je, mji una amani? Wa kwanza akajibu kuwa una amani tele. Wa pili akajibu kuwa mtu asithubutu kutoka nje baada ya Isha. Wa tatu akajibu kuwa yategemea ni mtaa gani na ni nani atembeaye. Wote hao ni wenyeji, na wawili kati yao milango ya nyumba zao yatazamana. Tukaona kuwa neno lililowapitisha watu hawa njia mbalimbali haliwezi kuwa jepesi, na kuwa lafaa kuandikwa katika karatasi yetu hii, kwani si la mgeni wa Maskati peke yake.

Yatupasa kwanza kutenga vitu viwili ambavyo ndimi zetu huvichanganya. Kuna khatari, na kuna khofu. Khatari iko nje, katika barabara na bahari na kisu cha mwizi. Khofu iko moyoni. Lau viwili hivi vingekuwa vyaenda pamoja siku zote, pasingekuwa na haja ya kuandika neno. Lakini havifuatani. Mtu huweza kukaa na khofu pasipo khatari, na huweza kulala usingizi mnono juu ya khatari iliyo chini ya mto wake.

Tazama kivuko. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, imepakia watu kupita kiasi chake, wakafa zaidi ya watu 270, wengi wao wakienda kazini. Hapana mwizi wala jambazi aliyewahi kutuulia watu wengi namna hiyo kwa asubuhi moja katika mji huu. Hata hivyo, siku ya pili yake watu walikwenda kivukoni wakasukumana vile vile, na hata leo twasukumana. Kadhalika barabara: miaka hii ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, nasi twampandisha mtoto mbele ya pikipiki, na mama yake nyuma, na mwenye kuendesha mkono mmoja u sikioni, kisha twarudi nyumbani tukakaza makomeo matatu kwa kuogopa wezi. Mwenyeji hufa kwa mazoea. Kile alichokizoea hakioni tena, na kile asichokizoea hukiona kikubwa.

Mgeni naye ana kosa lake, nalo ni kinyume cha hilo. Mwezi wa Mei 2014, baada ya mabomu kuripuka mjini mwetu mapema mwezi huo, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani ila kwa haja ya lazima, na mashirika ya safari yakawarudisha wageni wao kwa ndege kabla ya siku zao kwisha. Hoteli zikafungwa, na maelfu ya watu waliokuwa wakila kwa kazi za hoteli wakakaa barazani. Hatusemi kuwa khofu ile haikuwa na asili. Asili ilikuwapo. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala iliripuliwa wakafa watu 13, wengi wao Wakenya, na baadhi yao ni wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni mlangoni. Na hapa yatubidi tuseme wazi, kwa kuwa wako waliopenda kunyamaza: mgeni aliyeingia nchini kwa idhini ameingia kwa amani, na sharia yetu yamwita mwenye kupewa amani, na Mtume (s.a.w.) amemwonya mwenye kumwua mtu wa ahadi kuwa hatainusa harufu ya Pepo. Anayeua chini ya ahadi ya watu wengine amewafanya watu wote wa mji kuwa waongo.

Walakini mji wenye watu 1,208,333, kama walivyohesabiwa mwaka 2019, si hoteli moja wala si siku moja. Yule aliyekaa ng'ambo akasoma khabari ya bomu hakusoma khabari ya siku nyingine zote ambazo watu walikwenda sokoni Marikiti wakanunua samli na tungule wakarudi. Siku hizo hazina mwandishi.

Basi, tumekubali kuwa khofu si kipimo cha khatari. Je, tuseme kuwa khofu si kitu, na kuwa mtu hana haki ya kulalamika maadamu hajaguswa? La. Hapa ndipo tunapokhitalifiana na wale wasemao, Mbona hujaibiwa, waogopa nini? Qur'ani Tukufu imeihesabu khofu kuwa ni balaa peke yake, mbali na njaa na mbali na mauti. Maquraishi walikumbushwa neema mbili, kulishwa baada ya njaa na kusalimishwa na khofu. Na Nabii Ibrahim (a.s.) alipouombea mji wa Makka, aliomba amani kwanza, kisha ndipo akaomba matunda. Twaona katika mpangilio huo wa Ibrahim akili kubwa: matunda yaweza kuja katika mji wenye khofu, lakini nani atakayetoka kwenda kuyanunua? Mji mwingine umepigiwa mfano katika Suratun-Nahl, uliokuwa na amani na riziki yake ikiujia kutoka kila upande, ukakufuru neema, ukavikwa njaa na khofu kama mtu avikwavyo nguo. Aliyewahi kuishi Likoni katika Agosti ya 1997 aijua nguo hiyo. Usiku wa tarehe 13 ya mwezi huo kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na maelfu ya watu wenye asili ya bara wakakimbia nyumba zao wakalala makanisani. Wako katika hao walioishi nasi miaka thalathini, wakizika nasi na kuoza nasi. Wengine hawakurudi tena. Nyumba zao twazipita.

Sasa twafika kwenye swali lililo gumu zaidi, nalo ni hili: amani ya nani? Kwani yawezekana watu wakajijengea amani yao juu ya khofu ya wengine.

Mfano wake mkubwa kabisa twauona kila siku kwa macho. Wareno waliuchoma mji huu mwaka 1505, wakarudi tena 1528, na tena 1589. Kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Ngome ile ni nyumba ya usalama, hapana shaka: kuta zake nene mzinga hauzitikisi. Lakini usalama huo ulikuwa wa waliokuwa ndani. Kwa waliokuwa nje, ukuta ule ndio uliokuwa khofu yenyewe. Na waliojifungia ndani nao hawakupona, maana tangu Machi 1696 hata Disemba 1698 walizingirwa na Waarabu wa Omani na watu wa pwani, wakafa kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Baadaye Waingereza waliifanya jela, ikawa jela hata mwaka 1958. Leo ni makumbusho, na wageni hulipa kuingia mahali ambapo babu zetu walilipa ili watoke.

Mfano wa pili ni wa juzi. Mwezi wa Aprili 2014, katika jambo lililoitwa ulinzi wa nchi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mitaani Nairobi, na wengi wakapelekwa katika kiwanja cha mpira cha Kasarani wakahojiwa huko: wazee, wanawake wenye watoto wachanga, na raia wenye vitambulisho vyao mikononi. Hapa kwetu, mwezi wa Februari wa mwaka huo huo, polisi waliingia Masjid Musa wakapanda juu ya mazulia na viatu vyao, wakakamata vijana zaidi ya mia, wenye makosa na wasio nayo pamoja. Bila shaka wako watu walioona raha kwa khabari hizo, wakasema, Sasa tutalala. Nasi twauliza: wale ambao usiku ule hawakulala, wao si watu wa mji? Mama aliyekaa macho akisikiliza kama gari lililosimama nje ni la jirani au ni la wachukuao vijana wasiorudi, hofu yake ihesabiwe katika daftari gani?

Wala tusijitoe katika hukumu hii. Tajiri ajengaye ukuta wa futi kumi akapanda vigae vya chupa juu yake, akaweka taa kali imulikayo macho ya wapitao, na bawabu wa kulala nje, hakuuondoa wizi. Ameusogeza hatua chache mpaka kwenye nyumba ya mjane. Na bawabu mwenyewe, ambaye mshahara wake haununui kitasa kimoja cha lango analolilinda, nyumba yake huko Bangladeshi au Maweni haina mlinzi. Kufunga mlango ni sunna na ni akili, na yule bedui aliambiwa amfunge ngamia kisha ategemee. Twasema tu kuwa mlango si siasa ya mji. (Ama wale wanaozika kago chini ya kizingiti, na wale waliokuwa wakimzungusha ng'ombe kandokando ya mji ili balaa isiingie, tumekwisha kusema nao mara nyingi. La ajabu ni kuwa ng'ombe yule alizungushwa nje, na balaa ilikuwa imelala ndani.)

Kipimo cha amani ya mji ni kipi basi? Twakipata katika riwaya ya Adi bin Hatim iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Adi alikuwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaja mtu akashitaki umasikini, akaja mwingine akashitaki kukatiwa njia. Mtume akamwuliza Adi kama aujua mji wa Hira, ulioko Iraki. Adi akasema hajauona lakini amepata khabari zake. Ndipo akaambiwa kuwa akipewa umri atamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka akatufu Kaaba, naye hamwogopi yeyote ila Mwenyezi Mungu.

Tuizingatie riwaya hii polepole, kwa sababu imebeba mambo mawili. La kwanza: Mtume hakuipima amani kwa mtu mwenye nguvu. Hakusema kuwa atapita mpanda farasi mwenye upanga, wala tajiri mwenye walinzi. Alimtaja mwanamke, tena safarini. Kwa kipimo hicho, mwanamume aliye mzima wa mwili asemaye kuwa Mombasa ina amani kwa kuwa yeye hurudi saa nne za usiku bila ya kuguswa, hakujibu swali. Aulizwe msichana atokaye chuoni Tudor magharibi imekwisha kuingia, akapita pale ambapo taa za barabarani zimekufa. Aulizwe mama auzaye mahamri alfajiri Kisauni, ambaye lazima awashe jiko kabla ya watu kuamka. Aulizwe mfanyakazi wa nyumbani atokaye bara, asiye na ndugu hapa hata mmoja. Hao wakisema wana amani, basi mji una amani, na mgeni wa Maskati aje na watoto wake. Wako pia wajibuo kwa haraka kuwa dawa ni mwanamke kukaa ndani. Hawa wamepewa bishara ya njia iliyo na amani, wao wakaipokea kama amri ya kuifunga njia.

La pili: Adi amesema kuwa alipoyasikia maneno yale alijiuliza moyoni, Watakuwa wapi wanyang'anyi wa Tayyi, ambao wamezitia nchi moto? Na Adi ni nani? Ni mkuu wa Tayyi. Wanyang'anyi wale walikuwa watu wake, watoto wa mjomba na watoto wa ami. Hakuuliza kama mtu aulizaye juu ya maadui wa mbali. Aliuliza kama mzee aulizaye juu ya nyumba yake. Na aliishi mpaka akamwona mwanamke yule akisafiri. Tayyi hawakumalizwa kwa upanga. Waliingia katika dini, wakapata kazi na heshima nyingine isiyokuwa ya kukata njia.

Hapo twataka wazee wa mitaa yetu wasimame kidogo. Vijana wenye mapanga wa Kisauni, na Likoni, na Majengo, wapitao makundi makundi wakimkata kila wamkutaye ili wachukue simu na shilingi mia tatu, wametoka wapi? Serikali iliyataja baadhi ya makundi yao katika Gazeti lake rasmi mwisho wa mwaka 2016 kuwa ni haramu, na makundi hayakusoma Gazeti. Majina yao twayajua kabla ya serikali kuyajua. Wengi wana miaka kumi na mitano hata ishirini, wamekaa katika vyuo vyetu vya Qur'ani na juzuu ya Amma wameihifadhi. Mwaka 1999 wilaya yetu ilikuwa na watu 665,018. Kwa miaka ishirini idadi ilikaribia kuzidi maradufu. Bandari haikuwaongezea watu kazi kwa kadiri hiyo, na unga ulikuwa ukiingia mitaani kwa njia zote. Kueleza sababu si kumpa mtu udhuru. Lakini mzee asemaye, Hao ni watoto wa watu, na amtazame vizuri aliyelala chumba cha uani mpaka adhuhuri.

Pana njia mbili za kukabiliana nao ambazo watu huzikimbilia, na zote mbili twazikhofia. Moja ni ile ya kupiga kelele za mwizi, wakakusanyika watu, wakampiga mtu mpaka akafa, pengine wakamtia moto. Haya ni mauaji. Hayana jina jingine. Hakuna kadhi aliyehukumu wala shahidi aliyeapa, na kumtesa kiumbe kwa moto ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelikataza.

Njia ya pili ni ya kuchungulia. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa kwa jirani zetu wa Tanzania, ili majirani wajuane na khatari ijulikane mapema. Kujuana ni jambo jema, na sisi tulikuwa nalo. Maulamaa wametaja hata nyumba arubaini kila upande, na ijapokuwa riwaya zake zina maneno katika isnadi, maana yake ni sahihi. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za Mji wa Kale zilifanya kazi hiyo bila ya mwenyekiti wala muhuri. Wazee waliokaa Kuze au Kibokoni baada ya Alasiri wakinywa kahawa walimwona kila apitaye, wakamsalimu, na aliyesalimiwa kwa jina lake huona haya kuiba katika mtaa huo. Jane Jacobs, mwanamke aliyekuwa akiishi New York, aliandika kitabu mwaka 1961 akaonyesha kuwa mtaa hulindwa na macho ya wakaao na wapitao zaidi kuliko askari. Watu wa mipango ya miji wamemsifu sana, na ni haki yake, ila bibi zetu wangeshangaa kuwa jambo hilo lahitaji kitabu.

Lakini jicho la jirani si jicho la jasusi. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), ambaye alikuwa na ada ya kuzunguka Madina usiku kuwalinda watu, alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu: mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu, umepeleleza, na umekatazwa kupeleleza, umeingia kwa ukuta, na umeamriwa kuingia kwa mlango, na umeingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwacha. Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola alikubali kuwa ulinzi wa mji una ukuta usiouvuka. Sisi twaona kuwa mpango wowote wa majirani utakaosahau ukuta huo utaleta utulivu wa watu kunyamaziana, na utulivu huo si amani.

Ama mgeni, zamani alikuwa na mwenyeji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, asimulia kuwa jahazi lilipotia nanga Mogadishu vijana walitoka kwa vidau wamebeba chakula, kila mmoja akamtaja mfanya biashara mmoja kuwa ndiye mgeni wake. Na mgeni yule akishukia kwa mwenyeji huyo, aliyemdanganya kwa bei au kuuziana naye bila ya mwenyeji kuwapo, biashara yake ilibatilika. Amani ya mgeni ilikuwa na jina la mtu. Leo mgeni ashuka kwenye treni pale Miritini, au Moi kwenye uwanja wa ndege, na wa kwanza kumlaki amtajia nauli mara tatu ya ile ya kweli. Twasema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hizi baadhi yetu twataka kupona kwa mfuko wa mgeni peke yake. Huo nao ni unyang'anyi, ijapokuwa hauna panga.

Imebaki mas'ala moja aliyotuletea mama mmoja wa mtaani, naye alitaka jibu la sharia. Mwanawe amekuja na simu isiyokuwa yake, kisha baada ya siku amelia na kusema ataka kutoka katika kundi lakini aogopa polisi watamwua, na wenzake nao watamwua. Je, amfiche? Jibu tulilompa ni hili. Suratul-Maida imewatoa katika adhabu ya wakata njia wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Kwa hiyo mlango wake uko wazi, na watu wa mtaa hawana ruhusa ya kuufunga. Lakini mafakihi wamesema kuwa kutubu huko huondoa haki ya Mwenyezi Mungu, hakuondoi haki za watu. Simu irudishwe kwa mwenyewe, pesa zilipwe, na aliyekatwa aendewe, akitaka fidia apewe, akitaka kusamehe asamehe. Asiende peke yake, wala mama asiende naye peke yake. Waende nao imamu wa msikiti na wazee wawili wanaojulikana na mkuu wa kituo, mchana, mbele ya watu.